Swali Aliloulizwa Bwana Kaggia



Uchaguzi wa matawi unakaribia, na kama ilivyo desturi maneno yameanza kuzunguka viwandani, maofisini na kwenye vibanda vya chai. Neno moja tunalisikia mara kwa mara. Husemwa hivi: fulani amekuwa mjumbe wetu miaka yote hii, na hata pikipiki hana, ikiwa ameshindwa kujisaidia mwenyewe, atatusaidiaje sisi? Wengine husema kwa mzaha, lakini wako wanaolisema kwa kusudi. Tumeona ni wajibu wetu kulijibu katika ukurasa huu. Nasi hatuna jibu bora kuliko maisha ya mtu aliyeulizwa swali hilo hilo mbele ya umati wa watu, na aliyemwuliza alikuwa Rais wa nchi.

Mtu huyo ni Bwana Bildad Kaggia, aliyefariki tarehe 7 Machi 2005. Vijana wengi kazini leo wanamjua kama mmoja wa wale sita wa Kapenguria, basi. Hawakuambiwa kwamba kabla ya kuwa mfungwa alikuwa mtu wa chama cha wafanya kazi, na kwamba baada ya Uhuru alikaa upande wa upinzani kwa sababu ya mambo yale yale aliyoyapigania kabla ya Uhuru.

Alizaliwa mwaka 1921 huko Dagoretti, na kwao ni Murang'a, ambako Waingereza walikuita Fort Hall. Alisoma Kahuhia, kisha akaandikwa karani katika ofisi ya Serikali. Vita Kuu ya Pili ilipokuja aliingia jeshini mwaka 1940, akapelekwa Mashariki ya Kati na mwishowe Uingereza. Huko alijifunza lile ambalo askari wengi Waafrika walijifunza, kwamba risasi haibagui rangi bali mshahara unabagua. Aliporudi mwaka 1946 alimkuta Mwafrika bado anatembea na kipande, na ardhi nzuri bado iko mikononi mwa masetla.

Bwana Kaggia hakuanzia kwenye jukwaa la siasa. Alianzia kwa makarani. Alikuwa rais wa chama cha makarani na wafanya kazi wa biashara, tena akawa rais wa Labour Trade Union of East Africa, chama kilichojengwa na Bwana Makhan Singh tangu mwaka 1935. Zilikuwa siku za hatari. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano uliofanywa Kaloleni, Nairobi, Bwana Makhan Singh alisimama akadai uhuru kamili wa nchi hizi. Tarehe 15 Mei yeye na Bwana Fred Kubai wakakamatwa, na kesho yake wafanya kazi wa Nairobi wakagoma. Walitaka viongozi wao waachiliwe, na walitaka mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Mgomo ule ulidumu zaidi ya wiki moja. Bwana Makhan Singh hakuachiliwa mpaka mwaka 1961.

Tunayataja haya kwa sababu ukiona vyaelea, vimeundwa. Juni 1951 watu wa vyama vya wafanya kazi waliingia katika uchaguzi wa tawi la KAU la Nairobi na kulishika: Bwana Kubai akawa mwenyekiti na Bwana Kaggia katibu. Tangu hapo KAU ya Nairobi ilisema lugha ya mtu wa mshahara, wala si ya kuomba tu kwa barua. Serikali ya kikoloni ililijua jambo hilo vizuri. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, Bwana Kaggia alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Alishitakiwa Kapenguria pamoja na Mabwana Kenyatta, Kubai, Ngei, Oneko na Karumba. Tarehe 8 Aprili 1953 alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung, kule kwenye joto la kaskazini. Kifungo kilipokwisha akawekwa kizuizini. Aliupata uhuru wake mwaka 1961, baada ya miaka 9.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Mwaka 1963 watu wa Kandara walimchagua Bwana Kaggia kuwa mbunge wao, na Serikali mpya ikampa cheo cha Waziri Mdogo katika Wizara ya Elimu. Kivuli kilikuwa hapo. Angeweza kukaa akala kimya, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliona jambo lililomzuia kukaa. Watu waliokuwa msituni na kizuizini walirudi makwao wakakuta hawana shamba. Wengine ardhi yao ilichukuliwa kwa sheria ya mwaka 1953 kwa sababu walipigana. Sasa waliambiwa kwamba mashamba ya masetla yanagawanywa, ndiyo, ekari milioni moja, lakini yanunuliwe. Fedha zitoke Uingereza kwa mkopo, na mkulima Mwafrika aulipe mkopo huo kidogo kidogo. Bwana Kaggia alisema kwamba mtu hanunui mali yake aliyoibiwa. Alitaka wasio na ardhi wapewe bure. Alilisema Bungeni na alilisema nje. Mei 1964 Bwana Kenyatta alimwandikia barua ya kumkaripia, na Juni 1964 Bwana Kaggia akawa hayumo tena Serikalini.

Hapo ndipo swali likaja. Aprili 1965 Rais alifika Kandara kwenyewe, nyumbani kwa Bwana Kaggia, akahutubia mkutano. Aliwataja wenzao wa gerezani mmoja mmoja. Huyu ana nyumba kubwa na shamba zuri. Yule amepanda kahawa. Mwingine ana mabasi yanayotembea barabarani. Kila alipomtaja mmoja alimgeukia Bwana Kaggia na kumwuliza, je, wewe umejifanyia nini?

Ndugu zetu, litazameni swali hilo vizuri, maana bado liko hai. Lina hesabu ndani yake. Linasema kwamba kifungo ni rasilmali, na uongozi ni duka, na mtu asiyetoka dukani na kitu ni mjinga. Lakini shamba la kiongozi linatoka wapi? Kama ardhi ni ile ile, na wenye haja ni wengi, basi kila ekari iliyoongezwa kwa mkubwa imepungua mahali fulani. Haikuanguka kutoka mbinguni. Aliyeulizwa swali lile hakuwa na aibu ya kujibu. Aibu ilikuwa kwa hao waliokuwa na jibu refu.

Na sisi wafanya kazi tunalijua jambo hili kwa macho yetu. Mjumbe anapoitwa ofisini na mkubwa wa kazi, mlango ukafungwa, akatoka na cheo kipya au na kazi ya kuleta bidhaa kiwandani kwa jina la shemeji yake, siku hiyo amejifanyia kitu. Pikipiki ataipata, na gari pia. Lakini siku ya kukaa mezani kujadili mapatano ya mishahara, ulimi wake utakuwa mzito. Atawaambia kampuni haina fedha mwaka huu, mngojee mwaka ujao. Vibarua waliokaa miaka 6 bila kuandikwa kazi ya kudumu ataambiwa habari zao na hatasikia, maana aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Kwa hiyo anayewauliza kwa nini mjumbe wenu ni maskini, mwulizeni yeye alitaka awe tajiri kwa fedha ya nani.

Lakini kusifu hakutoshi. Habari ya Bwana Kaggia ina sehemu ya pili, na sehemu hiyo inatugusa sisi wanachama kuliko viongozi.

Aprili 1966 Bwana Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais, na chama cha KPU kikazaliwa. Bwana Kaggia alijiunga nacho akawa makamu wa kiongozi wake. Haraka sana Katiba ikabadilishwa, hata mbunge aliyehama chama alichochaguliwa nacho ikambidi arudi kwa wapigaji kura. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966 vilikuwako viti 29, KPU ikapata 9. Kandara ilimkataa Bwana Kaggia. Mtu aliyeacha cheo kwa ajili ya wasio na ardhi aliangushwa katika mahali penye watu wengi wasio na ardhi.

Tusiseme kwamba watu wale hawakuwa na shukrani. Nguvu zote za Serikali zilikuwa upande mmoja, na ruhusa za mikutano ya KPU zilikuwa adimu. Mtu mwenye ekari chache za mkopo huogopa kuzipoteza, na asiye nazo hutumaini kwamba akinyamaza atapewa. Hofu na tumaini vilipiga kura pamoja.

Na vyama vya wafanya kazi vilikuwa wapi? Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1965, vilikuwa vimekusanywa chini ya COTU, na uteuzi wa Katibu Mkuu ukawekwa mkononi mwa Rais, achague katika majina aliyopelekewa. Baadhi ya viongozi wa vyama waliosimama na KPU waliwekwa kizuizini mwaka huo wa 1966. Waliobaki walijifunza kunyamaza. Chama kilichomlea Bwana Kaggia wakati wa Mwingereza hakikuwa na mkono wa kumshika wakati wa Mwafrika mwenzake.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1968 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kosa la mkutano usio na kibali huko Nyanza Kusini, kikapunguzwa kuwa miezi 6 kwa rufani. Mwaka huo huo wagombea wa KPU katika uchaguzi wa halmashauri walikataliwa kwa kusemwa kwamba karatasi zao zina makosa. Mwaka 1969 Bwana Kaggia aliondoka KPU akarudi KANU. Tarehe 30 Oktoba 1969 KPU ikapigwa marufuku. Hakurudi tena Bungeni. Mwaka 1975 alichapisha kitabu cha maisha yake, Roots of Freedom, na kitabu kile kinakomea mwaka 1963.

Wako wasemao kwamba kurudi kwake KANU kulikuwa kusalimu amri. Hatutaficha jambo hilo, wala hatutamfanya malaika. Kiongozi ni mtu, na mtu huchoka. Lakini kabla hatujamhukumu, tuhesabu. Miaka 9 chini ya Mwingereza. Cheo kilichopotea. Kiti kilichopotea. Kifungo kingine chini ya bendera aliyoipigania. Katika hesabu hiyo yote, mara ngapi waliotetewa walisimama mbele yake wakasema, huyu ni wetu, msimguse? Kidole kimoja hakivunji chawa. Tunapomwacha mtu peke yake mpaka achoke, kisha tukamcheka kwa kuchoka, sisi ndio tumesalimu amri kwanza.

Basi tunarudi kwenye uchaguzi wetu. Zama zimebadilika. Vyama vingi vilirudi mwaka 1991, na Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mfanya kazi haki ya kujiunga na chama, haki ya kugoma na haki ya ujira ulio sawa. Kudai mshahara wa chini si kosa leo. Lakini karatasi ya Katiba haiendi mkutanoni kwa niaba ya mtu. Mkutano wa tawi wa robo mwaka ukiitwa, wanakuja watu 20 kati ya 300, na hao 20 wanataka uishe kabla basi halijaondoka. Ada inakatwa kwenye mshahara kila mwezi bila sisi kuigusa, na kwa kuwa hatuigusi tunasahau kuuliza ilikokwenda.

Wanaoomba kura watakapokuja kwenu, msiwaulize wana nini. Waulizeni ni mwanachama gani aliyefukuzwa wakamrudisha kazini, ni mapatano gani waliyoyasoma mpaka mwisho kabla ya kuyatia sahihi, na ni siku gani waliyomwambia mkubwa hapana wakati ndiyo ingewafaa wao. Waulizeni hesabu za tawi, na wazilete kwa maandishi. Mkimpata mwenye majibu, na koti lake limechakaa, mpeni kura.

Na mkisha kumpa, msiende zenu. Siku atakapoitwa ofisini na mlango kufungwa, watu wawe nje ya mlango huo wakimngoja. Siku atakapoachishwa kazi kwa hila, asiende kwa Afisa wa Kazi peke yake. Bwana Kaggia aliulizwa amejifanyia nini, na umati wa Kandara ukasikia. Swali likiulizwa tena katika tawi lenu, asijibu yeye. Jibuni ninyi.

Umoja ni nguvu.