Walter White hakuharibiwa na kansa

Nipo chuo, ila ubishi wa likizo kule Mwamkulu, Mpanda, bado unanikera. Washkaji wanamtetea Walter White wa Breaking Bad (2008–2013): eti mwalimu wa kemia, pesa ndogo, kansa ya mapafu, angefanyaje zaidi ya kupika madawa ya kulevya?

Nabisha. Sizoni ya kwanza tu, rafiki yake wa zamani Elliott alijitolea kugharamia matibabu, jamaa akagoma. Kiburi hicho! Utamu wa tamthilia hii ndio huo: unamhurumia mtu, kumbe unampa visingizio. Kipindi cha 62, cha mwisho, anakiri mwenyewe alifanya kwa ajili yake. Walimu wenye maisha magumu tunao tele, na hawauzi sumu. Mnasemaje wadau?