Vocha ya Chai Sio Fidia

Mkenya atashikana na makanga mlangoni kwa sababu ya chenji ya mbao, hadi gari lote lijue. Mpeleke mtu huyo huyo JKIA, aambiwe ndege imefutwa "kwa sababu za kiutendaji", na atasema asante, achukue vocha ya chai, aende akalale kwa kiti cha chuma akikumbatia begi. Tiketi ni maelfu ya shilingi na hata swali moja haulizi. Kwani huwa tunapatwa na nini tukishavuka ile mashine ya kukagua mizigo?

Mimi nafikiri ni aibu. Tuliambiwa ndege ni ya watu wastaarabu, na mstaarabu hapigi kelele. Mashirika yanaijua hiyo aibu vizuri sana, na yanaitumia.

Sasa kabla mje kwa komenti kuniuliza kama nataka rubani apae kwa ukungu: hapana. Ukungu ni ukungu, injini mbovu ni injini mbovu, ndege ikae chini. Lakini ukungu haukatazi mtu wa kaunta kukuambia ukweli. Shangazi yangu alikuwa aende Kisumu kumzika dada yake. Ndege ilikuwa ya saa kumi na mbili jioni. Wakasema saa mbili. Halafu saa tatu na nusu. Halafu saa tano usiku ndio wakakubali kwamba hakuna ndege. Angeambiwa hivyo saa kumi na mbili, angepanda basi la usiku na afike alfajiri. Alifika kesho yake mchana, kaburi likiwa limeshafunikwa. Alipewa soda na sambusa mbili. Huyo mama hakuibiwa na hali ya hewa, jameni. Aliibiwa na kimya.

Na sio ati sheria hakuna. Katiba, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu huduma ilikuwa na kasoro. Kwa safari za kimataifa kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, na Kenya imo ndani. Unasema shirika linawajibika kwa hasara iliyoletwa na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilifanya kila kitu ambacho kingetarajiwa kuzuia hasara hiyo. Soma tena: lithibitishe LENYEWE. Tangu Desemba 2024 kiwango cha juu kwa abiria mmoja kimepandishwa hadi zaidi ya dola 8,000. Hupewi bure, lazima uonyeshe hasara yako, ndio maana risiti ya teksi, ya hoteli na ya chakula ni mali. Begi likichelewa, una siku 21 za kulalamika kwa maandishi tangu ulipolipata. Kwenda kortini una miaka miwili.

Lakini kitu kinachonichoma roho ni hiki. Ulaya wana sheria nambari 261 ya 2004. Panda ndege ya Kenya ukitoka Paris kuja Nairobi, ifike imechelewa saa nne kwa kosa la shirika, unadai euro 600. Panda ndege ya shirika hilo hilo ukitoka Nairobi kwenda Paris, ichelewe vilevile, na hiyo euro 600 haipo. Ndege ni moja, bei karibu ni ile ile, na wewe ni wewe. Tofauti ni ardhi uliyosimama ukipanda. Kumbe mashirika yetu yanajua kulipa, bora tu aliye upande wa pili awe na meno.

Huko hata volkano ya Iceland ya 2010, ile iliyofanya maua ya Naivasha yaoze, haikuwa kisingizio. Mahakama ya Ulaya iliamua 2013 kwamba fidia ya pesa inaweza kuondolewa, lakini chakula na malazi lazima, hata mbingu ikijaa majivu. Hapa kwetu marubani wa Kenya Airways waligoma Novemba 2022, wafanyakazi wa JKIA wakagoma Septemba 2024 kwa ajili ya ile mambo ya Adani, na mara zote mbili picha ilikuwa moja: watu na masanduku, wakiulizana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hivyo ukikwama, usitoke kaunta mikono mitupu. Dai sababu kwa maandishi, hata kama ni kwa barua pepe. Piga picha ule ubao wa safari. Wakikuletea vocha ya safari nyingine badala ya pesa zako, usitie sahihi kabla ya kusoma, kwa sababu mara nyingi hiyo sahihi ndiyo wanayoitafuta. Na usiende pekee yako, nendeni kumi. Mtu mmoja akiuliza ni msumbufu, kumi wakiuliza meneja anatoka ofisini.

Na nyinyi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, tunataka kiwango cha shilingi kiandikwe. Saa mbili, hiki. Saa tano, hiki. Ikifutwa, hiki. Kibandikwe hapo kaunta kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo shangazi yangu anaweza kusoma bila miwani.