AFYA YA WATOTO: Chanjo ya Mwaka Jana Si Ngao ya Mwaka Huu

Baridi ya mwezi wa Juni na Julai inaposhuka juu ya Limuru, Kinangop na Molo, vyumba vya kungojea katika hospitali na zahanati hujaa watoto wenye kukohoa. Mama humwambia mwenzake aliyeketi kando yake, "Ni homa tu," na mwenzake huitikia kwamba hata wake anayo. Neno hilo "tu" ndilo lenye hatari. Katika Kenya jina la homa hubeba mambo mengi. Makamasi ya siku mbili huitwa homa, kikohozi cha vumbi huitwa homa, na ile homa ya mafua ya kweli, ambayo madaktari huiita influenza, nayo huitwa homa. Kwa kuwa jina ni moja, watu hudhani kuwa ugonjwa nao ni mmoja, kumbe sivyo.

Mafua ya kawaida huanza polepole. Mtoto hupiga chafya na kamasi humtoka, lakini hula na kucheza kama desturi yake. Homa ya mafua huja kwa ghafula. Mtoto aliyekuwa akikimbia asubuhi huonekana jioni amelala, mwili una joto kali, kichwa na viungo vyamwuma, na kikohozi kikavu kimemshika. Wengi hupona kwa muda wa juma moja au zaidi kidogo. Lakini wako ambao ugonjwa hushuka mapafuni ukawaletea kichomi, yaani nimonia, na baadhi yao hufa. Walio katika hatari zaidi ni watoto walio chini ya miaka 5, na hasa wale ambao hawajatimiza miaka 2. Hali kadhalika mtoto mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, ugonjwa wa selimundu au virusi vya Ukimwi huhitaji kuangaliwa kwa makini kuliko wengine. Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, na homa hii ni mwiba wa namna hiyo.

Nchi hii iliujua ukali wake zamani. Mwaka 1918, Vita Kuu ya kwanza ilipokuwa ikielekea kwisha, homa ya mafua iliyoenea dunia nzima iliingia kwa bandari ya Mombasa, ikaua watu wengi wa pwani na wa bara. Makadirio yatajwayo sana husema kwamba duniani kote walikufa watu wapatao milioni 50. Wakati huo hakuna daktari aliyejua ni kijidudu gani kilicholeta msiba huo. Ilikuwa mwaka 1933 ndipo wataalamu watatu wa Uingereza, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, walipofaulu kukipata kutoka kwa mgonjwa. Kilikuwa ni kirusi, kitu kidogo mno kisichoweza kuonekana kwa darubini za kawaida.

Baada ya kukijua kirusi, haikuchukua muda mrefu kutengeneza chanjo. Katika miaka ya 1940 Thomas Francis na Jonas Salk waliitengeneza huko Marekani, na askari ndio waliochanjwa kwanza. Ilifanya kazi vizuri, na watu wakafurahi. Lakini mwaka 1947 homa ya mafua ilirudi, ikawashika waliochanjwa sawasawa na wasiochanjwa. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba chanjo haikuharibika. Kilichobadilika ni kirusi chenyewe. Mafunzo ya mwaka huo ndiyo msingi wa jambo ambalo kila mzazi yampasa kulifahamu.

Chanjo humfundisha mwili wa mtoto kumtambua adui kabla hajafika. Chanjo ya surua hufundisha sura moja, na kwa kuwa surua haibadiliki sura, mtoto aliyemaliza chanjo hiyo aghalabu hulindwa maisha yake yote. Kirusi cha homa ya mafua ni kama mwizi abadilishaye nguo. Kila kinapozaliana hubadilika kidogo kwa nje, hata baada ya mwaka mmoja au miwili mwili uliomjua kwa kanzu nyeupe hushindwa kumtambua akija na koti jeusi. Zaidi ya hayo, nguvu ya chanjo yenyewe hupungua miezi inapopita. Kwa sababu hizo mbili, mtoto aliyechanjwa mwaka jana hawezi kuhesabiwa kuwa amekingwa mwaka huu.

Yafaa mzazi ajue pia kwamba chanjo ya kila mwaka haitungwi kwa kubahatisha. Tangu mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani limekuwa na mtandao wa maabara ambazo leo zimo katika nchi zaidi ya 100, na Kenya ina kituo chake cha taifa mjini Nairobi. Maabara hizo huchukua makamasi ya wagonjwa, huchunguza ni virusi gani vinavyotembea, na kupeleka habari. Mara mbili kwa mwaka wataalamu hukutana: mwezi wa Februari huamua chanjo ya nchi za kaskazini ya dunia, na mwezi wa Septemba huamua ya nchi za kusini. Baada ya hapo viwanda huhitaji kama miezi sita kuitengeneza, na sehemu kubwa ya chanjo hiyo bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku.

Mfano mmoja wa hivi karibuni unaonyesha jinsi kazi hiyo inavyofuata mambo yalivyo. Kwa miaka kadhaa chanjo nyingi zilikuwa na kinga ya virusi vya namna nne. Mwaka 2020, watu walipokaa majumbani na kuvaa barakoa kwa ajili ya Korona, namna mojawapo iitwayo B/Yamagata ilitoweka, na tangu mwezi wa Machi mwaka huo haikuthibitishwa tena kuonekana mahali popote. Mwezi wa Septemba 2023 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri iondolewe. Basi mzazi akiambiwa kwamba chanjo ya sasa ni ya namna tatu, asidhani amepunjwa.

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama vile Marekani na Uingereza, homa ya mafua huja na baridi hiyo, na madaktari wa watoto huwaita wazazi mwezi wa Septemba na Oktoba kabla haijafika. Uingereza ilianza mwaka 2013 kuwachanja watoto kwa dawa ya kupuliziwa puani badala ya sindano, na wengi wao huipata shuleni. Kenya imekaa juu ya ikweta, na hali yake ni nyingine. Virusi vya homa ya mafua huonekana hapa karibu mwaka mzima, mara vikizidi, mara vikipungua. Kwa hiyo hakuna mwezi ambao mzazi aweza kusema kwamba hatari imekwisha, na wala haifai kungoja baridi ya Julai. Njia iliyo bora ni kumwuliza daktari kama chanjo mpya imefika, na kumpeleka mtoto mara ifikapo, maana mwili huhitaji majuma mawili hivi kujenga kinga.

Mwaka 2016 kamati ya wataalamu inayoishauri serikali ya Kenya juu ya chanjo ilipendekeza kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe dhidi ya homa ya mafua. Pendekezo ni jambo moja, na dawa kufika katika kila zahanati ni jambo jingine. Kwa miaka mingi waliopata chanjo hii wamekuwa hasa wale ambao wazazi wao waliweza kuinunua. Mzazi asidhani kwamba mtoto aliyemaliza chanjo zote zilizoandikwa katika kitabu cha kliniki amekwisha kupata na hii. Amwulize muuguzi waziwazi kama ipo, na bei yake ni kiasi gani.

Sasa lipo jambo ambalo huwapotosha hata wazazi wenye bidii. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa kwa mara ya kwanza hahitaji dozi moja, bali mbili, na ya pili hutolewa baada ya majuma manne au zaidi. Ya kwanza huuamsha mwili. Ya pili ndiyo iutiayo nguvu. Baba hutoa fedha za dozi ya kwanza, mama hulipa nauli na kupoteza siku ya kazi, mtoto hulia, nao hurudi nyumbani wakiamini kwamba kazi imekwisha. Majuma manne yakipita hakuna akumbukaye. Mtoto huyo hajakingwa vya kutosha, na mwaka ufuatao itampasa kupewa dozi mbili tena. Kwa aliyezipata zote mbili, moja kila mwaka yatosha. Afadhali fedha za dozi zote mbili ziwekwe kando tangu mwanzo, na jambo hilo liwe la baba sawa na la mama.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 hawezi kupewa chanjo hii, naye ni dhaifu kuliko wote. Kinga yake yatoka kwa mama. Mama mjamzito akichanjwa, askari wa mwili wake humfikia mtoto tumboni na kumlinda katika miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa. Tena ni vema wale wamshikao mtoto huyo kila siku, kama vile bibi, kaka na dada zake, na yaya, wachanjwe wakiweza. Mwenye kikohozi ajiepushe naye, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumpokea.

Wako wasemao kwamba sindano yenyewe huleta homa. Virusi vilivyomo katika chanjo ya sindano vimekwisha kuuawa, navyo haviwezi kuleta ugonjwa. Mkono waweza kuuma, na mtoto aweza kuwa na joto kidogo kwa siku moja au mbili, nayo ni dalili kwamba mwili unajifunza. Ile ya puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Hiyo hupewa watoto waliotimiza miaka 2, wala haiwafai wenye kinga hafifu ya mwili.

Wako wengine wasemao kwamba fulani alichanjwa na bado akaugua. Maneno hayo ni kweli, wala haifai kuyaficha. Katika miaka ambayo chanjo hulingana vizuri na virusi, hupunguza hatari ya kuugua hata kuhitaji daktari kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 60. Hiyo si kinga kamili. Lakini faida yake kubwa huonekana katika kuzuia ugonjwa usiwe mzito. Katika majira ya mwaka 2024 na 2025, Marekani, nchi yenye hospitali nyingi na dawa za kila namna, ilihesabu vifo vya watoto 280 vilivyotokana na homa ya mafua. Miongoni mwa wale waliokuwa na umri wa kuchanjwa na ambao habari zao za chanjo zilijulikana, karibu tisa katika kila kumi hawakuwa wamechanjwa kikamilifu. Tena karibu nusu ya watoto hao walikuwa hawana ugonjwa mwingine wowote uliojulikana kabla ya kuugua.

Mtoto akishikwa na homa, apewe maji na maziwa ya kutosha, na anyonyaye azidishiwe kunyonyeshwa. Dawa ya kupunguza joto ni parasetamoli, kwa kipimo kilingancho na uzito wake. Asipewe aspirini kamwe, kwa maana aspirini pamoja na homa ya mafua yaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Dawa za antibiotiki haziui virusi, wala haifai kuzinunua dukani kwa kukisia. Katika sehemu zenye malaria, kila mtoto mwenye joto la mwili apimwe damu, maana magonjwa haya mawili yaweza kufanana siku ya kwanza.

Zipo dalili zisizongoja kesho: kupumua mbiombio, mbavu kuvutwa ndani, midomo kugeuka rangi, degedege, kukataa kunyonya au kunywa, kutopata mkojo, usingizi usioamshika, na homa iliyopungua kisha ikarudi kwa nguvu. Mtoto mwenye mojawapo ya hizo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Ipo dawa ya kupigana na kirusi chenyewe, nayo hufaa zaidi ikianzwa katika siku mbili za kwanza.

Mzazi ampelekaye mtoto kwa chanjo hii asiondoke mezani kwa muuguzi kabla tarehe na jina la chanjo havijaandikwa katika kitabu cha mtoto. Ikiwa ni mara ya kwanza, na iandikwe pia tarehe ya kurudi kwa dozi ya pili. Kitabu hicho kihifadhiwe mahali pakavu, na mwaka ukizunguka kifunguliwe tena.