TAKA ZETU, MTAA WA NANI?

Ndugu msomaji, wiki hii naomba niwaweke kando vigogo na misafara yao. Nataka tuzungumze juu ya taka. Usicheke. Namaanisha maganda ya ndizi, vichwa vya samaki, nepi za watoto na chupa za plastiki, vile unavyovitoa nje asubuhi ukaona kazi yako imekwisha.

Jumapili iliyopita sisi wa mtaa wetu, hapa Dar es Salaam, tuliitwa mkutanoni chini ya mwembe. Mtendaji akasimama, akafungua faili, akatusomea: kizimba cha kukusanyia taka kitajengwa kwenye pembe ya kiwanja cha wazi, pale pale vijana wanapochezea mpira, hatua chache kutoka ukuta wa shule ya msingi. Eti mradi umeshapitishwa. Umepitishwa na nani? Lini? Katika kikao gani? Mwenyekiti wetu wa mtaa alikuwa anatazama viatu vyake. Ndipo mzee mmoja, mtu wa maneno machache, akainuka na fimbo yake akauliza: "Mwanangu, tumeitwa kushauriwa au kuarifiwa?" Watu wakacheka, mtendaji akafunga faili, mkutano ukavunjika bila muhtasari.

Jioni ile chama chetu cha wakazi kikakutana. Hiki si chama cha siasa. Ni sisi wenyewe, wenye nyumba na wapangaji, tunaochangia ulinzi wa usiku na kuzibua mfereji kabla ya masika. Hoja ikatolewa: tuandike barua kuukataa mradi, na tupendekeze kizimba kijengwe ng'ambo ya mfereji, "kule ambako hakujapimwa". Makofi yakapigwa. Msomaji wangu, sitakuficha, mikono yangu nami ilishanyanyuka. Halafu nikakumbuka Tabata.

Wewe uliyezaliwa juzi huenda hujui, kwa hiyo nivumilie nikukumbushe. Tabata palikuwa na dampo la jiji zima. Moshi usiku na mchana, nzi, harufu ya kukufanya uache chakula mezani. Mwaka 1988 wakazi wakachoka, wakaifikisha Halmashauri ya Jiji mbele ya Mahakama Kuu, na wakashinda. Mahakama ikaamuru dampo lifungwe. Unadhani lilifungwa? Halmashauri ikarudi kuomba muda. Ikapewa. Ikaomba tena. Miaka mitatu ikakatika hivyo hivyo, malori yakiendelea kumwaga. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akasema basi. Alishangaa, na aliandika mshangao wake hukumuni, kwamba mamlaka ya umma inaweza kwenda mahakamani bila aibu kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaikumbusha ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Walalahoi wa Tabata, bila kigogo wa kuwashika mkono, walikuwa wameiangusha Halmashauri ya Jiji.

Lakini taka hazikuyeyuka kwa sababu ya hukumu. Malori yaligeuza njia tu. Mwaka huo huo yakaelekea Kunduchi Mtongani, kaskazini mwa jiji. Watu wa Kunduchi nao hawakulala. Wakazi 795 wakafungua shauri lao, na Mahakama Kuu ikaiamuru Halmashauri ikome kumwaga pale, tena itafute mahali ambapo dampo halitadhuru watu. Ushindi wa pili! Mwaka 1992 malori yakaingia Vingunguti, kando ya Mto Msimbazi, siyo mbali na kule Tabata yalikofukuzwa. Vingunguti, sehemu kubwa, nyumba zimejengwa bila kupimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zamu ikawa ya Mtoni, Temeke. Baada ya Mtoni, Pugu Kinyamwezi.

Hebu ifuate njia hiyo kwa kidole kwenye ramani. Siwalaumu watu wa Tabata wala wa Kunduchi. Walidai haki yao na mimi ningefanya hivyo hivyo. Tena Tabata hawakuishia mahakamani, waliunda mfuko wao wa maendeleo wakaanza kuhangaikia barabara na huduma za kwao. Ninachosema ni kwamba kila mtaa uliposhinda peke yake, mtaa mwingine ulipokea mzigo, na wenye ofisi hawakuwa na haja ya kubadili chochote ila njia ya malori. Na sasa chama chetu, kwa kizimba kimoja, tulikuwa tunataka kuwafanyia jirani zetu mchezo ule ule. Ng'ambo ya mfereji anakaa mama anayetuuzia vitumbua. Anakaa fundi aliyeezeka nusu ya nyumba zetu. Watoto wao wanasoma shule hii hii ambayo tunadai kuitetea.

Tuje kwenye kizimba chenyewe. Kizimba si adui. Kizimba chenye sakafu ya zege, ukuta na mlango, lori likipita kila siku, ni huduma, na mtaa usionacho unamwaga mferejini, mvua za Aprili zinaturudishia kila kitu sebuleni. Lakini kizimba ambacho lori linakipitia baada ya wiki mbili ni dampo. Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa kiwe wapi. Swali lilikuwa lori litakuja mara ngapi, nani atamwajibisha asipokuja, na fedha zetu zinakwenda wapi.

Maana fedha tunatoa! Hapa nina donda langu mwenyewe. Kila mwezi kijana anagonga geti langu na kitabu cha risiti kisicho na mhuri, na kila mwezi nalipa ada ya taka. Mwaka jana tulilipa miezi miwili mfululizo bila kuona hata guta. Nilipouliza ofisini nikaambiwa mzabuni "ana changamoto za kiufundi". Nikauliza mkataba wake unasemaje. Nikaambiwa mkataba si wa kuonyeshwa kila mtu. Kila mtu ni nani, ndugu msomaji? Si ni mimi ninayelipa?

Utaratibu huu wa kukabidhi taka kwa watu binafsi si mgeni. Ulianza mwaka 1994, jiji lilipoipa kampuni moja kata 10 za katikati. Baadaye kata nyingi zikaingizwa, na mahali pengine kazi wakapewa vikundi vya wakazi wenyewe. Hananasif akina mama walibeba taka za mtaa wao kwa mikokoteni na kukusanya ada nyumba kwa nyumba, na mtu alimjua anayemlipa kwa jina. Ukikosa huduma unakwenda kumgongea mlango. Mzabuni wetu mlango wake sijui uko wapi.

Sasa turudi kwa mwenyekiti aliyetazama viatu. Kwa mujibu wa mpangilio wetu, mtendaji wa mtaa anaajiriwa na halmashauri, mwenyekiti anachaguliwa na wakazi. Kwa hiyo mkutano unapoambiwa "umepitishwa", wa kupiga meza ni mwenyekiti, maana yule mwingine ana mwajiri wake. Ibara ya 146 ya Katiba inasema wazi kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini mwenyekiti asiyeogopa kura atapiga meza ya nani? Mwaka 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi nchi nzima hadi vyama vikuu vikajitoa. Uchaguzi wa Novemba 27, 2024 chama tawala kikatangazwa kuzoa zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Watu wanadhani madhara ya mambo hayo yako Dodoma. Yako hapa chini ya mwembe, kwenye faili lililofungwa.

Hata hivyo mtu asiniambie kwamba tukae tusubiri uchaguzi mwingine. Watu wa Tabata wa mwaka 1988 walikuwa chini ya chama kimoja, hawakuwa na diwani wa upinzani hata wa dawa, na bado waliikamata Halmashauri shati. Leo tuna Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na kuibebesha halmashauri mzigo wa taka ngumu. Tuna Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Kiwanja cha wazi hakigeuzwi matumizi kwa kusomwa faili Jumapili. Kinachotakiwa ni maombi ya maandishi, yenye tarehe, na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Ofisi zetu zinaogopa nakala kuliko maandamano, amini usiamini.

Barua yetu haikwenda. Nilisimama nikasema haya niliyokuandikia, nikazomewa kidogo, mwenye duka akaniita mwanasiasa, lakini yule mzee wa fimbo akaniunga mkono na hoja ikaahirishwa kwa kura tatu. Jumamosi hii saa 10 jioni tumewaalika wenzetu wa ng'ambo ya mfereji, waje na viti vyao maana vyetu havitoshi. Tutatembea pamoja kutafuta mahali ambapo lori linafika na pua za watoto hazifiki. Mimi naona nyuma ya ghala la zamani panafaa, fundi anasema maji yanatuama pale. Mama wa vitumbua amenituma niulize kama risiti zake za ada azilete zote. Nimemwambia alete zote, hata zile zisizo na mhuri.