Maarifa Sokoni: Ni Nani Anayelipwa?

Kabla ya kurejea chuoni kusomea shahada ya uzamili, nilifundisha Kiswahili kwa miaka miwili katika shule moja ya kutwa huko Magwagwa, Kaunti ya Nyamira. Ujira wetu sisi tulioajiriwa na bodi ya shule ulichelewa mno, pengine muhula mzima. Ndipo nikakesha siku kadhaa nikiandika uchambuzi wa tamthilia ya Bembea ya Maisha yake Timothy Arege, nikaanza kuuuza kwa shilingi 50. Mnunuzi alinitumia pesa kwa M-Pesa, nami nikamtumia faili kwa WhatsApp. Mwezi haukuisha kabla ya faili iyo hiyo kunirudia katika kundi la walimu, bei yake shilingi 100, jina langu limefutwa na la mtu mwingine limetiwa. Hata kosa langu la tahajia katika ukurasa wa tatu lilikuwa pale pale likinikodolea macho.

Nilighadhibika. Hata hivyo, hasira zilipotulia, swali jingine lilinijia: je, Arege mwenyewe alipata nini katika zile shilingi zangu 50?

Wapo wasomi wenzetu wanaoshikilia kwamba maarifa ni mali ya wote na kuyauza ni ulafi. Sikubaliani nao. Maarifa yalikuwa na bei hata kabla ya tarakilishi. Siyu, kisiwani Pate, ilisifika kwa mafundi wa kunakili misahafu kwa mkono, na sidhani kuna aliyetarajia fundi wa namna hiyo ale hewa. Kilichobadilika ni kwamba kazi ya miezi sasa hunakiliwa kwa mguso wa kidole. Isitoshe, tangu M-Pesa ianzishwe mwezi Machi mwaka 2007, mwalimu wa kijijini asiye na mchapishaji wala duka anaweza kumwuzia mwenzake aliyeko Kwale au Busia bila ya wawili hao kuonana. Hilo ni jambo la kusifiwa, na aliyewahi kusubiri mshahara usiokuja atanielewa.

Tatizo ni bidhaa yenyewe. Karatasi ya Fasihi katika mtihani wa kidato cha nne ina alama 80 kati ya 200 za somo zima, na vitabu teule ndivyo nguzo yake. Bembea ya Maisha, Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na diwani ya Mapambazuko ya Machweo vilipoanza kutahiniwa mwaka 2023, miongozo ilizagaa kama uyoga baada ya mvua. Darasani mwangu nakala moja ya riwaya ilisomwa na wanafunzi wanne, ilhali mwongozo ulikuwa katika simu ya kila mzazi. Wanafunzi waliweza kuniorodheshea maudhui kumi ya Nguu za Jadi bila kujua riwaya inaanzaje! Wengine walikuwa na kitabu kizima kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mwandishi mamlaka juu ya kunakiliwa kwa kazi yake. Kuihakiki kazi hiyo ni halali. Kuipiga picha na kuiuza ni wizi, hata muuzaji akiwa mwalimu mwenye njaa.

Nami sina mikono safi. Katika faili nyingine, ya fasihi simulizi, nilitia ngano nne nilizosimuliwa na nyanya mmoja jirani ya shule, kwa Ekegusii, tukiwa tumeketi jikoni pake. Nilimshukuru kwa kilo moja ya sukari na pakiti ya majani chai. (Majani chai, Magwagwa, ambako michai inaonekana mlangoni!) Faili hiyo ndiyo iliyouzika kuliko zote. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, lakini mimi niliyelalama kwa kuibiwa sikuwa nimemtaja bibi huyo hata katika shukrani.

Kwa mintarafu hiyo napendekeza chama chetu kiingie katika biashara hii waziwazi. Wanachama waandike tahakiki, wahadhiri wazipitie, ziuzwe kwa simu kwa bei ambayo mzazi wa Magwagwa anaimudu, na mapato yagawanywe kwa mapatano kati ya mhakiki, mwandishi wa kitabu na msimulizi. Uchambuzi wenyewe usisimulie kitabu kizima, bali umlazimu msomaji akifungue. Najua wapo watakaosema wanafunzi hawana uwezo wa kuendesha mradi wa aina hii. Watu hao hao wanauza tasnifu za wenzao kwa kurasa.

Likizo iliyopita nilirudi kwa yule nyanya nikamweleza yote, kisha nikamwahidi thuluthi ya kila nakala itakayouzwa. Alicheka kwanza. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hao wanaonunua wanazisikia kwa lugha gani?" Nilipomwambia ni kwa Kiswahili, na kwa maandishi tu, alinyamaza kidogo, akaniambia nikirudi nije na kitu cha kunasia sauti, kwani ngano ya pili niliiandika bila wimbo wake.