Nani Aliyemtupa Mtoto?

Wako walimu na wachapaji wasemao kuwa riwaya ya upelelezi ya watoto isiguse habari ya kitoto kichanga kilichoachwa njiani. Sababu yao ni moja: habari hiyo ni chafu, na masikio ya mtoto hayafai kutiwa uchafu. Wako tena waandishi ambao huigusa, lakini kwa namna iliyo mbaya kuliko kunyamaza. Kitoto huonekana jalalani katika sura ya kwanza. Vijana watatu hodari hufuata nyayo na kipande cha kanga. Katika sura ya mwisho msichana hukamatwa, vijana husifiwa, na kitabu hufungwa. Makundi haya mawili hudhani kuwa yanapingana. Kumbe ni ndugu. La kwanza humficha mtoto kweli yote, la pili humpa nusu yake na kumwambia kuwa ndiyo yote.

Lugha yenyewe ni shahidi. Kila siku husemwa kuwa mama katupa mtoto. Ni nadra kusikia kuwa baba katupa mtoto, ijapokuwa pengine baba alikwisha kumtupa miezi mingi kabla hajazaliwa. Kitenzi kutupa kimepewa mtenda mmoja, na mtendwa huambiwa kaokotwa, kama sarafu iliyoanguka. Methali yasema kitanda hakizai haramu. Msichana aliyekosa kitanda hana methali ya kumkinga. Naye hafiki jalalani kwa hatua moja. Nyuma yake iko milango iliyofungwa: mlango wa mwanamume aliyeikana mimba, mlango wa mzazi aliyesema binti huyu si wangu tena, na kwa miaka mingi mlango wa shule. Maana mpaka Novemba 2021, serikali ilipotangaza kuwa wasichana walioacha masomo kwa sababu ya kuzaa waruhusiwe kurudi, mwanafunzi aliyepata mimba katika shule ya umma alipoteza nafasi yake. Mpelelezi apitaye milango hiyo bila kubisha hodi hajapeleleza kitu.

Kisa cha Musa kinajulikana kwa watoto wa chuoni na kwa watoto wa kanisani pia. Mtoto mchanga aliwekwa katika kisafina akaachwa mtoni. Dada yake alikifuata kwa mbali, akatazama kilikofikia, na kwa busara ya ulimi wake akafanya mama awe mlezi wa mwanawe mwenyewe. Siri imo humo, ufuatiaji umo, ujasiri na ugunduzi vimo. Lakini nani asemaye kuwa mama yake Musa alimtupa mwana? Hasemi mtu, kwa kuwa kisa hakikuanza mtoni. Kilianza katika amri ya Firauni. Msikilizaji alimjua mkosaji kabla hajakiona kisafina. Riwaya ianzayo jalalani, isirudi nyuma, imechelewa kuanza.

Wagiriki nao walilijua jambo hili. Katika tamthilia ya Sofokles, ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa jina la Mfalme Edipode, mfalme huchunguza mauaji, na uchunguzi humpeleka kwa mtoto mchanga aliyetobolewa miguu akatolewa afie mlimani. Mtoto huyo ni yeye mwenyewe, na waliomtoa ni wazazi wake wa jumba la kifalme walioogopa utabiri.

Riwaya ya namna hii yaweza kuwekwa popote, lakini Songea ina haki nayo kubwa. Katika zama za ukoloni vijana wengi wa Ungoni walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, wakaitwa manamba. Wako waliorudi, na wako wasiorudi, wakaacha nyuma watoto waliolelewa na bibi na babu. Mfarakano wa jamaa, basi, haukuzuliwa na vijana wa leo.

Tena Songea haijachoka kumtafuta mtu wake. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wadachi mwaka 1906 kwa sababu ya Vita vya Majimaji, na husemwa kuwa kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaonana na watu wa ukoo wake, akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho. Hakuna aliyewaambia wazee wale kuwa swali lao ni chafu. Ikiwa mjukuu ana haki ya kuuliza kilipo kichwa cha babu yake baada ya miaka zaidi ya 100, mtoto aliyeokotwa katika mtaa wa mji ule ule ana haki ya kuuliza alipo baba yake baada ya miaka 10. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwisha kumpa haki hiyo: kuwa na jina, na kuwajua wazazi waliomzaa pamoja na jamaa zao.

Yasemwa kuwa hoja hii humwondolea mama hatia. La. Kuacha kitoto kwenye umande ni dhuluma, na sheria huiadhibu. Lakini Kanuni ya Adhabu, inapotaja kosa la kumtelekeza mtoto, humtaja mzazi au mlezi. Haikumtaja mama peke yake. Ni ajabu kwamba sheria iwe na macho mapana kuliko hadithi.

Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, aliutumia upelelezi kushindana na ushirikina ambao watu waliuamini bila kuuliza. Kazi hiyo haijaisha. Itikadi kwamba msichana mmoja hutenda peke yake dhambi ya nyumba nzima nayo ni ushirikina, na watoto huifahamu tangu sokoni na kisimani, wanakosikia minong'ono isiyo na mwisho. Waandishi na wawape mpelelezi mdogo atakayebisha hodi katika kila mlango, na asikubali kuondoka mpaka aliye ndani ajibu.