Mauziano Hayafi na Muuzaji: Milki ya Ardhi Ushetu Baada ya Kifo

Halmashauri ya Wilaya ya Ushetu, iliyoanzishwa mwaka 2012 baada ya Halmashauri ya Wilaya ya Kahama kugawanywa ikazaa Ushetu na Msalala, ni eneo la wakulima wa tumbaku, pamba, mpunga na mahindi ambalo limezungukwa na uchumi wa dhahabu: Msalala kuna mgodi wa Bulyanhulu, Manispaa ya Kahama ilijengeka kwa kasi wakati wa mgodi wa Buzwagi, na mpakani kuna Mkoa wa Geita wenye wachimbaji wakubwa kwa wadogo. Katika mazingira kama haya ardhi hubadilisha mikono kwa haraka kuliko nyaraka zake, kwa sababu mauziano mengi hukamilika kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mashahidi wachache, mnunuzi akaingia shambani na kuanza kulima, huku jina la muuzaji likibaki vilevile katika daftari la kijiji au katika hati. Muuzaji anapofariki kabla jina hilo halijabadilishwa, linazuka swali linalogusa familia nyingi: je, shamba ni la mnunuzi aliyelipa, au ni sehemu ya mirathi inayopaswa kugawiwa warithi?

Jibu la sheria lina pande mbili ambazo watu wengi hukumbuka mmoja na kuusahau mwingine. Upande wa kwanza ni kwamba mkataba haufi pamoja na aliyeusaini. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinaeleza kwamba ahadi za mtu huwafunga wawakilishi wake akifa kabla ya kuzitimiza, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umeonyesha nia tofauti. Muuzaji aliyepokea bei na kuahidi kuhamisha milki ameacha wajibu, na wajibu huo unaingia katika mirathi yake kama linavyoingia deni la mbolea alilochukua katika chama cha msingi. Upande wa pili ni kwamba mkataba peke yake hauhamishi milki. Kwa ardhi yenye hati iliyosajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inataka uhamisho usajiliwe ndipo haki ipite. Na kwa ardhi ya kijiji, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema, katika shauri lililochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1985, kwamba mauzo ya shamba la kijiji bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji ni batili.

Kutoka katika pande hizo mbili yanapatikana makosa yanayorudiwa mara kwa mara. Kosa la kwanza ni la mnunuzi anayeshika hati ya uwakilishi, yaani waraka ambao muuzaji alimpa mtu mwingine mamlaka ya kusaini kwa niaba yake, akadhani kwamba waraka huo utamwezesha kukamilisha uhamisho hata baada ya mazishi. Mamlaka ya wakala kwa kawaida hukoma aliyemtuma anapofariki, kwa hiyo saini itakayowekwa baadaye kwa waraka huo haina nguvu. Kosa la pili, ambalo ni la hatari zaidi kwa kuwa ni jinai, ni kutengeneza nyaraka za uhamisho na kuziandika tarehe ya nyuma ili ionekane marehemu alisaini akiwa hai. Kosa la tatu ni kuamini kwamba muhtasari wa kikao cha ukoo, ambamo ndugu wamekubali kwamba shamba liliuzwa, unatosha kumfanya kaka mkubwa au mtoto wa kwanza awe mwenye kusaini. Kikao cha ukoo hupendekeza jina tu, na mahakama ndiyo inayomteua mtu huyo na kumpa mamlaka.

Mtu anayeteuliwa ni msimamizi wa mirathi, ambaye Sheria ya Mirathi na Usimamizi wa Mali za Marehemu, Sura ya 352, inamtambua kuwa mwakilishi wa kisheria wa marehemu, na mali yote ya marehemu huwa mikononi mwake kwa nafasi hiyo. Kwa wakazi wengi wa Ushetu, ambao mirathi yao huendeshwa kwa sheria za kimila au za Kiislamu, maombi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi, yakiambatanishwa na cheti cha kifo na muhtasari wa ukoo, kisha tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Akishateuliwa, msimamizi anatakiwa ndani ya miezi 4 kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu, muda ambao mahakama inaweza kuuongeza. Kama ardhi ina hati, kifungu cha 67 cha Sura ya 334 kinamruhusu msimamizi kuomba asajiliwe kuwa mmiliki badala ya marehemu, na hapo ndipo anapoweza kusaini uhamisho kwenda kwa mnunuzi. Kama ni ardhi ya kijiji, msimamizi huyo ndiye anayesimama mbele ya Halmashauri ya Kijiji kuomba idhini na mabadiliko ya daftari.

Njia hii ipo na inaeleweka, lakini ina udhaifu mmoja mkubwa: ufunguo wake uko mikononi mwa watu ambao mara nyingi hawana sababu ya kuutumia. Warithi ambao hawana mali nyingine ya kugawana hawaoni faida ya kufungua mirathi kwa ajili ya shamba ambalo bei yake ilikwisha kuliwa na marehemu, na hali huwa mbaya zaidi thamani inapopanda. Shamba lililouzwa kwa bei ya kilimo likigunduliwa kuwa juu ya mwamba wa dhahabu hugeuka kuwa mali nyingine kabisa, kwa sababu ingawa madini ni mali ya Jamhuri, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtambua mkaaji halali wa ardhi katika masuala ya ridhaa na fidia. Mwenye leseni anayetaka kuchimba humtafuta mtu ambaye jina lake linaonekana, na jina linaloonekana ni la marehemu. Ndugu ambao kwa miaka mingi walimpungia mkono mnunuzi akipita kwenda shambani huanza ghafla kusema kwamba baba aliazimisha tu.

Kwa sababu ya udhaifu huo kumekuwa na hoja, yenye mvuto wa haki, kwamba mnunuzi mwenye karatasi ya mauziano, mashahidi na miaka kadhaa ya kulima apewe milki moja kwa moja na serikali ya kijiji bila kupitia mirathi. Hoja hii inasimama juu ya ukweli kwamba bei ililipwa, na kwamba kumlazimisha mnyonge kufuata mahakama, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha ofisi ya ardhi ya mkoa, ni kumlipisha mara ya pili kwa nauli na muda. Hata hivyo hoja hiyo haimtazami mtu aliye upande wa pili, ambaye mara nyingi ni mjane.

Historia ya sheria ya nchi hii inatoa sababu ya kumtazama mjane kwa makini. Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, lilimnyima mjane sehemu ya mirathi ya mumewe na kumwachia kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili Watanzania waliofukuzwa na ndugu wa waume zao walipinga kanuni hizo hadi katika Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki zao. Ikiwa kijiji kitaruhusiwa kuhamisha shamba la marehemu kwa ushahidi wa karatasi na mashahidi pekee, shemeji atakayetaka kumwondoa mjane hatahitaji kumfukuza. Atahitaji tu karatasi ya mauziano yenye saini ya marehemu, ambaye hawezi kuulizwa kama saini ni yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inalinda umiliki wa pamoja wa wanandoa. Kinga hizi zitakuwa maneno matupu iwapo hakuna chombo kinachomsikiliza mjane kabla ya jina kubadilishwa. Mirathi, pamoja na ucheleweshaji wake, ndiyo baraza pekee ambamo mnunuzi, mjane, watoto na wadai wengine husikilizwa kwa pamoja.

Lakini kumlinda mjane si sawa na kumruhusu mrithi aliyekaa kimya ale bei na shamba. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua shauri kutoka Kagera ambamo mwanamke alirithi shamba kwa wosia akaliuza nje ya ukoo, naye mwanaukoo akataka mauzo yafutwe kwa kuwa mila ilimkataza mwanamke kuuza. Jaji Mwalusanya alikataa, akitegemea haki ya usawa iliyo katika Katiba. Uamuzi huo hukumbukwa zaidi kwa haki za wanawake, ila una funzo la pili lililo wazi kwa suala hili, kwamba ukoo hauwezi kutumia mila kufuta mauzo halali yaliyofanywa na mwenye mamlaka ya kuuza bila kumrudishia mnunuzi bei yake. Anayemlinda mjane dhidi ya mauziano ya kughushi na anayemlinda mnunuzi dhidi ya ukoo wenye tamaa wanatetea kitu kimoja, nacho ni ushahidi unaoaminika wa kile ambacho mwenye ardhi alikifanya akiwa hai.

Mahali pa kuanzia pako karibu kuliko inavyodhaniwa. Katika mazishi mengi ya Tanzania msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa naye aonane na familia. Mwenye duka hujitokeza, mwenye SACCOS hujitokeza, lakini mnunuzi wa shamba hukaa kimya kwa kuwa anajihesabu kuwa mmiliki na si mdai, ilhali kisheria, mpaka milki ihamishwe, yeye anaidai mirathi utimilifu wa ahadi. Sheria za mirathi, ziwe za kiserikali au za Kiislamu, zinakubaliana kwamba madeni hutangulia mgawanyo. Mnunuzi anayejitokeza siku hizo, madai yake yakaandikwa katika muhtasari wa ukoo na baadaye katika orodha ya msimamizi, amejiwekea msingi ambao miaka 10 ya kulima kimya haiwezi kumpa. Kama alikuwa hajamaliza bei, ajitokeze pia, kwa sababu salio ni mali ya warithi na hulipwa kwa msimamizi peke yake, si kwa ndugu atakayewahi kuja kulidai.

Warithi wakikataa kufungua mirathi, mnunuzi hana sababu ya kusubiri huruma yao. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linairuhusu Mahakama ya Mwanzo kuteua msimamizi kwa maombi ya mtu yeyote mwenye maslahi katika mirathi, na pale inapofaa kumteua ofisa wa mahakama au mtu mwadilifu asiyeelemea upande wowote. Njia hii ya mwisho ndiyo bora zaidi kwa mnunuzi, kwa kuwa mnunuzi akijisimamia mwenyewe na kujihamishia shamba atazua shaka hata kama haki ni yake. Muda nao unahesabika: madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6 na ya kurejesha ardhi miaka 12 chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Kwa ardhi yenye hati, mnunuzi anaweza pia kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, yaani taarifa inayoandikwa katika daftari kwamba kuna mtu mwenye madai, ili warithi wasiiuze ardhi hiyo kwa mwingine wakati shauri linaendelea.

Tiba ya kudumu, hata hivyo, iko kabla ya kifo, nayo ni kuifanya ofisi ya kijiji iwe mahali ambapo watu hawaogopi kupeleka mauziano. Mahali pengi nchini viongozi wa vijiji na mitaa wamekuwa wakidai asilimia 10 ya bei kwa ajili ya kushuhudia, tozo isiyo na msingi katika sheria za ardhi, na matokeo yake ni kwamba wauzaji na wanunuzi husainiana uani mbele ya majirani wawili. Halmashauri ya Ushetu inaweza kupiga marufuku tozo hiyo kwa kauli inayosimamiwa, na kuvitaka vijiji viandike kila mauziano katika daftari ndani ya muda mfupi unaojulikana, yakiwa na saini ya mwenzi wa muuzaji, majirani wa mipaka na uamuzi wa Halmashauri ya Kijiji. Kumbukumbu ya namna hiyo haichukui nafasi ya mirathi. Inaipa mahakama kitu cha kuamini, kwa sababu iliandikwa wakati muuzaji angali hai na mke wake angali na nafasi ya kusema hapana. Serikali nayo inapaswa kuisaidia Mahakama ya Mwanzo kushughulikia mirathi yenye shamba moja na dai moja kwa utaratibu mfupi, bila kuondoa tangazo wala haki ya pingamizi. Kanuni kwamba msimamizi pekee ndiye anayesaini kwa niaba ya marehemu inastahili kubaki, lakini itaheshimiwa pale tu ambapo mkulima wa kata za Ushetu kama Ulowa au Bulungwa atakuwa na uwezo halisi wa kumpata msimamizi huyo, na pale ambapo kijiji kitakuwa kimeandika mapema kile ambacho marehemu hawezi tena kukieleza.